Mazoezi ya Kukunja Goti

Shamba la Stannard,
Wexholme
4 Februari 1962

Dada Enid mpenzi,

Zipokee salamu hizi zikiwa bado moto, maana nakuandikia nikiwa kitandani, mito miwili mgongoni, na Roland mwenyewe ndiye aliyeniletea kalamu na chai! Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Wewe je? Kifua kimetulia? Jiko bado linarudisha moshi ndani? Na paka wa Bi Cuthbert, amezaa au bado anatutania?

Dada, ndoa ni tamu. Kule Scarborough mvua haikukatika siku zote za fungate, bahari ilikuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, nasi hatukuiona kwa sababu tulikuwa tunaangaliana. Roland ananiita "tulipu wangu". Fikiria, mwanamume ambaye mashamba yake yana tulipu zinazochanua mpaka macho yanachoka, na katika zote hizo ananihesabu mimi! Nikikumbuka nauma shuka.

Mama yake ni mkali kidogo ila ana moyo. Ameniambia nimwite Mama. Sasa sikia habari yenyewe, kaa chini kwanza. Mwezi wa tano Binti Mfalme Rosamund anakuja hapa Wexholme kufungua nyumba mpya ya wazee! Mama ndiye mwenyekiti wa kamati. Na anayemkabidhi Binti Mfalme maua ni nani? Ni mimi, Avril, mtoto wa Mtaa wa Duncombe!

Mazoezi yameanza. Mama anakaa kwenye kiti kikubwa cha marehemu baba mkwe, kofia kichwani, yeye ndiye Binti Mfalme. Mimi naingia na fungu la vitunguu vya majani kwa sababu tulipu bado. Mguu wa kulia unakwenda nyuma ya wa kushoto, mgongo wima, unashuka polepole kama unayeingia maji ya baridi, halafu unapanda bila kutikisika. Roland alicheka mpaka akatoka nje. "Umemkabidhi Mtukufu supu!" akasema.

Nimekuombea nafasi kwenye mstari wa kusalimia, Dada. Nilimwambia Mama kwamba wewe ndiwe mama yangu, hakuna mwingine aliyenilea. Akafikiri, akasema, "Basi aje. Mradi akunje goti kama wengine." Sema utakuja!

Avi wako mwenye furaha


Mtaa wa Duncombe,
Grimsby
16 Februari 1962

Mdogo wangu Avi,

Barua yako imefika, nimeisoma mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa raha. Mimi sijambo. Kifua ni kilekile, ukishinda kwenye nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi huwezi kutegemea kutoka unanukia waridi. Jiko limezibuliwa. Paka amezaa vitoto vitatu, Bi Cuthbert anataka kunigawia kimoja kwa nguvu.

Nafurahi kwamba unafurahi. Roland mwambie vitunguu vya majani visitupwe, akuletee viazi uviunge navyo.

Kuhusu hiyo habari ya mstari. Kuja nitakuja. Nitavaa koti langu la bluu, nitamwambia huyo binti "Habari za mchana, Bi mkubwa", na nitampa mkono akiutaka. Goti sikunji. Usinikasirikie. Wanaume wenu huko watafanya nini? Watainamisha shingo mara moja kama kuku anayedonoa, basi, wamemaliza. Kwa nini sisi ndio tushuke mpaka chini? Kama ni heshima, iko mdomoni na machoni.

Niliwahi kukunja goti mara moja, shuleni, wakati wa vita. Mtu wa ukoo wa kifalme alikuwa apite kwa gari. Walitupanga barabarani tangu asubuhi. Gari likapita bila kupunguza mwendo, pazia limefungwa. Tuliinamia pazia, Avi. Siku hiyo ina mengine ambayo sitayaandika.

Vaa soksi nzito. Huko kwenu ni bondeni, baridi inatoka ardhini.

Dada yako,
Enid


Wexholme
11 Machi 1962

Dada mpenzi,

Nisamehe kuchelewa! Siku zinakimbia na mimi nakimbia nazo. Salamu za Roland, salamu za Mama, salamu za tulipu ambazo zimeanza kutoa ncha. Kitoto cha paka kichukue, utapata mtu wa kukusikiliza.

Nilimsomea Mama maneno yako kuhusu goti, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema goti halikunjwi kwa ajili ya mtu, linakunjwa kwa ajili ya nchi nzima, na asiyeweza kushuka kwa sekunde moja mbele ya nchi yake ana kiburi au ana ugonjwa. Nikaona ni kweli. Dada, ni sawa na kuvua kofia! Kila mtu akisema heshima iko machoni, nani atajua nani anaheshimu na nani anakodoa?

Roland alisema, "Dada yako angemwomba Binti Mfalme ampimie samaki ratili mbili." Tulicheka sana, ila kwa upendo.

Mazoezi sasa ni kila asubuhi. Mama amesema magoti yangu ni legevu kama ya mtoto wa mbuzi, hivyo nampelekea chai na kukunja goti nikiwa na sinia, ili yapate nguvu. Jioni tena kidogo. Nikiyumba ananigusa na fimbo yake, hapa juu ya goti, kunikumbusha. Imeacha alama ndogo tu, na nikivaa soksi haionekani. Unaona ninavyosonga mbele!

Jumapili ya tarehe 8 Aprili ni mazoezi ya mstari wote, hapa sebuleni. Mama anasema ukitaka nafasi lazima uwepo. Dada, goti moja, sekunde moja, kwa ajili yangu. Na usinielewe vibaya, lakini lile koti la bluu si huwa linatundikwa karibu na koti la kazi? Labda ulianike nje siku mbili tatu.

Avi wako


Grimsby
2 Aprili 1962

Avi,

Salamu. Mimi mzima. Kitoto cha paka nimekichukua, cheusi, hakina adabu, kinanifaa.

Koti limeanikwa.

Umesema alama. Alama gani? Mtu akikugusa tu haiachi alama. Niandikie ukubwa wake na rangi yake, na usinipambie.

Nimejaribu hilo goti jikoni, nimeshika meza, mlango nimeufunga. Kushuka nilishuka. Kupanda ndiyo ilikuwa kesi, kwa sababu miaka hii yote ya kusimama kwenye sakafu ya maji imeyala magoti yangu. Kitoto cha paka kilikaa kikaniangalia kama mkaguzi wa shule. Lakini nitaweza. Nimenunua glavu nyeupe.

Nafanya hivi kwa ajili yako, si kwa ajili ya nchi. Nchi ikitaka maua ije iyachume yenyewe.

Nitafika na basi la saa saba.

Enid


Wexholme
12 Aprili 1962

Dada Enid,

Natumaini ulifika salama na kwamba basi halikukutikisa sana. Sisi wazima. Roland ana mafua, nimempaka dawa kifuani, anadeka kama mtoto, nampenda.

Ni vigumu kuandika haya. Jana Mama aliniita akaniambia niyaandike leo, kwa hiyo naandika.

Unajua Bi Ogden, mama anayetusaidia kazi za nyumba. Jumapili alikuwa amevishwa lulu za Mama na glavu kwa sababu alikuwa anaigiza mwandani wa Binti Mfalme, yule anayetangulia kuingia. Watu wote hukosea hapo, wanamkunjia goti mwandani. Mama aliupanga mtego huo kusudi, ili aone nani amejifunza. Mimi nilijua, lakini tulikatazwa kusema. Ningekuambia wewe peke yako ingekuwa upendeleo.

Basi Bi Ogden akafungua mlango, nawe ukashuka mpaka chini! Dada, ulishuka vizuri hata! Ni vile ulivyokwama, na Bi Ogden maskini akikushika kwapa na kusema, "Inuka mama, mimi ni mfagiaji tu, nina keki kwenye oveni!" Watu wakaangua kicheko. Kicheko cha kawaida. Mke wa daktari alicheka mpaka akatoa leso. Nami nilicheka kidogo, ungekuwa mimi nawe ungecheka.

Ungecheka nasi, yangeishia hapo. Lakini Mama alipokuambia kwa upole kutoka kitini, "Haya, Bi Grummitt, umeshampa mfagiaji, sasa nipe mimi," ulikuwa na haja gani ya kusema yale mbele ya kamati?

"Wewe si binti wa mfalme," ulisema. "Wewe ni mama yake Roland, na umekalia kiti cha marehemu."

"Nashikilia nafasi yake," Mama akasema.

"Naona. Na unaishikilia vizuri mno."

Mama hakula chakula cha jioni. Amekutoa kwenye mstari, na Roland anasema ana haki. Unatakiwa kumwandikia barua ya kuomba radhi. Kuhusu siku yenyewe, tunaona ni afadhali usije. Hata barabarani. Kuna watu watakukumbuka.

Usilie. Mimi nimelia vya kutosha kwa wote wawili, Roland akanibusu macho yote.

Avril


Grimsby
19 Aprili 1962

Avi,

Nilifika salama.

Sijalia. Na kicheko sikukiogopa, wanawake wa kazini kwangu wananicheka kila siku na mimi nawacheka. Ila nilikuwa chini pale, sioni chochote isipokuwa viatu, nikasikia kicheko cha kwanza kabisa. Nakijua. Nilikifundisha mimi, kwa kukutekenya nyayo.

Barua ya radhi sitaandika.

Sikiliza, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niseme yale kwa mama mkwe wako. Kabla watu hawajakaa, nilipokuwa natundika koti, ulipita na kikombe. Hakukuwa na mazoezi. Hakuna aliyekutazama ila mimi. Ulifika mbele yake, ukakunja goti, ukampa chai, ukaenda zako, na haikumwagika hata tone. Naye hakuinua macho. Wala wewe hukujua kwamba umekunja. Sketi ilipopanda nikaiona hiyo alama yako ndogo. Ziko nyingi, na moja ni ya kijani.

Sasa nakuambia ile siku ya pazia. Mama yetu alikuwa ameshikwa na kifua tangu usiku. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Jirani alikuja mstarini kuniita, akasema Mama ananitaka. Mwalimu akakataa, akasema gari litafika wakati wowote na mstari utaonekana na pengo. Nilipokunja goti Mama alikuwa hai au hakuwa hai, sijui. Nilipofika nyumbani wewe ulikuwa umelala juu yake.

Sijaomba kitu kwako tangu uolewe. Leo naomba. Huyo Binti Mfalme akishakuja na kuondoka, hakuna tena sababu ya mazoezi. Siku hiyo ikipita niandikie neno moja tu: nimeacha.

Enid


Wexholme
13 Mei 1962

Dada mpenzi,

Imekwisha, na ilikuwa siku ya ajabu! Wewe mzima? Paka mzima? Nimesoma habari ya Mama yetu. Nitaililia siku nyingine, Dada, wiki hii nimejaa furaha na sitaki kuichanganya.

Jumanne mvua ilianza asubuhi na haikusimama. Mstari ulikuwa ukumbini, sakafu imelowa kwa miavuli. Mwandani akatangulia, hakuna aliyekosea! Kisha Binti Mfalme. Ni mfupi, Dada! Na ana mafua kama mtu yeyote. Nikashuka na tulipu zangu, za manjano, alizozichagua Roland, nikashuka vizuri kuliko siku zote, na yeye akanishika kiwiko akasema, "Basi, basi, inuka, utalowa." Akayachukua maua akampa mwandani. Ndiyo hivyo. Nilimpenda papo hapo.

Aliyefuata alikuwa Mama. Mama alishuka kwa ile namna ya zamani, polepole, kichwa chini, mpaka goti likakaribia sakafu. Ilikuwa nzuri mno. Ila alichukua muda, na Binti Mfalme alikuwa ameshaoneshwa keki. Mama alipoinua uso, mbele yake palikuwa na mgongo wa dereva. Na sakafu iliteleza, kwa hiyo hakuweza kupanda. Roland na daktari walimnyanyua. Mke wa daktari akatoa tena leso.

Tukamwingiza Mama garini. Tulipofika nyumbani hakuvua hata kofia, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Avril," akasema. "Chai. Na uilete inavyotakiwa."

Nilimtazama Roland. Roland alikuwa anavua viatu. "Mpe tu, tulipu," akasema. "Leo ameumia. Unapungukiwa nini?"

Kweli, napungukiwa nini? Nikampa. Akasema nimeshuka haraka. Nikampa tena. Mpaka chakula cha jioni nilikuwa nimempa mara nyingi, Dada, na mwishoni machozi yalimtoka, na mimi nikajiona kama niliyemponya mtu.

Uliniuliza kitu. Nitakijibu. Sasa ananiita.

Avi


Grimsby
3 Juni 1962

Avi,

Salamu. Sina habari za hapa.

Kitanda chako nimekitandika. Njoo kwa wiki moja, au njoo kwa siku moja, au njoo ukae. Roland akiuliza sababu mwambie mimi ni mgonjwa. Sitakuuliza chochote ukifika.

Enid


Wexholme
30 Septemba 1962

Dada mpenzi wangu,

Salamu tele baada ya kimya kirefu! Usinune. Mimi mzima wa afya, na Roland mzima, amenenepa, vifungo vya shati vinalia. Tunachimba viazi na mikono ya watu haitoshi. Nilikumbuka siku yako ya kuzaliwa, ila ilipita nikiwa na shughuli. Ule mwaliko wako Roland aliusoma, akasema mtu aliyemtia mama yake aibu hawezi kumwita mke wake kama mtoto wa shule. Alisema kwa upole. Alisema pia ukitaka kuja kwetu Krismasi njia unaijua, na unajua kinachotakiwa mlangoni.

Lakini nina habari njema kwako! Ulitaka neno moja, nami nakuandikia kwa herufi safi nilizofundishwa sekondari: nimeacha. Mwezi wa nane Mama alipooza upande mmoja. Yuko chumba cha juu, uso umeelekea ukutani, hatambui mtu. Siku za mwanzo niliendelea, nikifika mlangoni na uji nakunja, mpaka Bi Ogden akaniambia, "Mwanangu, hakuoni." Nikacheka, nikaacha. Alama zote zimefutika. Umeona? Ulihangaika bure.

Sasa nyumba ni yetu wawili, mimi na Roland wangu, na nampenda kuliko siku ile ya Scarborough. Amehamia kwenye kile kiti, kinamkaa vizuri, utadhani kilichongwa kwa ajili yake. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimpelekea chai, akanyanyua nyusi, akasema, "Na mimi je? Mama alikuwa anapewa. Mwenye nyumba hapewi?" Dada, tulivyocheka! Nikashika sketi kwa vidole viwili, nikashuka kwa mbwembwe zote, "Karibu chai, Mtukufu!", na yeye akanipa mkono niubusu, tukacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Ndivyo tulivyo sisi, watoto tu.

Jumatatu nikamletea chai, nikaiweka mezani. Hakuishika. Alikuwa anasoma bei za viazi gazetini. Nikasimama pale nikingoja acheke. Akafungua ukurasa mwingine, naye akangoja.

Unajua asivyopenda chai ya baridi.

Mdogo wako mwenye raha,
Bi Roland Stannard